Robert Wagner: Mwanasheria Aliyemtetea Asiye na Kazi



Ndugu msomaji, kila mwaka baada ya mahafali tunawaona kaka na dada zetu waliotutangulia wakirudi hapa chuoni na bahasha za kaki mkononi. Mmoja amekuja kuomba barua ya mhadhiri, mwingine kutoa nakala za vyeti, mwingine amepita kusalimia tu. Ukimuuliza habari za kazi, mara nyingi huinamisha kichwa. Hajaiba, hajamdhulumu mtu, lakini anaona haya kama mtu aliyefanya kosa. Hata sisi wadogo zake huwa tunanong'ona kwamba labda hakusoma vizuri, labda anachagua kazi, labda hana bidii.

Katika safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za masheikh na viongozi wa huku kwetu. Safari hii naomba twende mbali kidogo, Marekani, tumsome mwanasheria aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kupinga ule mnong'ono. Jina lake ni Robert Ferdinand Wagner. Hakuwa wa dini yetu wala wa bara letu, na alifariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Lakini swali alilolishughulikia ndilo hili linalotusubiri baada ya mahafali: mtu mzima mwenye nguvu na ujuzi akikosa kazi, kosa ni la nani, na ana haki gani?

Mtoto wa mtunza jengo

Wagner alizaliwa tarehe 8 Juni 1877 katika mji mdogo wa Nastätten, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi, wazazi wake walihamia New York na watoto wao. Walikwenda kama wanavyokwenda wahamiaji wengi, kwa matumaini makubwa na mfuko mwepesi. Baba alipata kazi ya kutunza jengo la wapangaji, kufagia ngazi na kuangalia moto wa kupasha nyumba joto. Robert aliuza magazeti mitaani na kupeleka bidhaa za duka majumbani mwa wateja. Kiingereza alijifunza shuleni akiwa tayari ni mtoto mkubwa.

Maisha hayakuwanyookea wazee. Baada ya miaka kadhaa wazazi walirudi Ujerumani, na kijana akabaki New York na ndugu zake. Kaka yake mmoja aliyekuwa mpishi ndiye aliyemshika mkono hadi akaendelea na masomo. Wengi wetu tunaijua hali hii: kuna kaka au dada aliyeacha ndoto zake ili mdogo wake asome. Mwaka 1898 Robert alihitimu City College, chuo cha mji kisichotoza ada, na mwaka 1900 akamaliza shule ya sheria na kuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili.

Hakukaa sana katika uwakili wa kawaida. Aliingia siasa kupitia chama cha Democratic cha mjini New York, ambacho kwa wakati huo kilijulikana kwa ujanja na upendeleo kuliko kwa uadilifu. Mwaka 1904 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1909 akawa katika seneti ya jimbo. Miaka miwili baadaye alikuwa tayari kiongozi wa seneti hiyo. Hadi hapo alikuwa mwanasiasa kijana mwenye bahati, wala hakuna aliyemtegemea kuwa mtetezi wa yeyote.

Moto wa 1911

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kilishika moto. Kilikuwa katika ghorofa za juu za jengo refu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi ya nje ilivunjika kwa uzito wa watu. Waliokufa walikuwa 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na baadhi waliruka madirishani mbele ya macho ya watu waliosimama barabarani. Siku moja kabla, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikuwa imefuta sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, kwa hoja kwamba inamnyang'anya mwajiri mali yake kinyume na katiba.

Jimbo likaunda tume ya kuchunguza viwanda, na Wagner akawa mwenyekiti wake. Makamu wake alikuwa rafiki yake Al Smith, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana. Miongoni mwa waliowasaidia alikuwamo Frances Perkins, mwanamke aliyeushuhudia ule moto kwa macho yake. Perkins hakuridhika na wakubwa hawa kukaa mezani na kusikiliza ushahidi. Aliwachukua akawapeleka viwandani. Katika kiwanda kimoja alihakikisha Wagner mwenyewe anapenya kwenye tundu dogo ukutani, lililoelekea kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu na kuishia juu ya ardhi kwa zaidi ya urefu wa mtu. Ngazi hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa njia ya kuwaokoa wafanyakazi wakati wa moto.

Mtu aliyepita mwenyewe kwenye tundu lile hakuweza tena kuambiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Katika miaka michache iliyofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria zaidi ya 30 kuhusu moto, usafi, saa za kazi na ajira ya watoto. Katiba ya jimbo nayo ikarekebishwa ili fidia ya wafanyakazi iwezekane. Hapo Wagner alijifunza mambo mawili ambayo hakuyaacha tena. La kwanza ni kwenda kuona kabla ya kuandika sheria. La pili ni kwamba sheria nzuri inaweza kufa mahakamani, kwa hiyo anayeiandika lazima aiandike akimfikiria jaji atakayeisoma.

Kwenye kiti cha jaji

Mwaka 1919 mkewe, Margaret, alifariki na kumwachia mtoto mmoja wa kiume. Hakuoa tena. Mwaka huohuo alianza kazi ya ujaji katika jimbo la New York, akaifanya hadi 1926.

Kesi moja ya wakati huo inafaa kukumbukwa. Waajiri wa viwanda vya nguo walikuwa wamefunga mkataba na chama cha wafanyakazi, kisha wakauvunja kabla haujaisha. Desturi ya mahakama za Marekani wakati ule ilikuwa kuwapa waajiri amri za kuzuia migomo. Safari hii waliokuja kuomba amri walikuwa wafanyakazi. Mwanzoni mwa 1922 Wagner akawapa: aliwaamuru waajiri waheshimu mkataba waliousaini. Wanasheria wengi walishangaa, ingawa hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ikiwa mkataba unamfunga fundi cherehani, unamfunga na mwenye kiwanda pia.

Kuwahesabu wasiohesabiwa

Mwaka 1926 alichaguliwa kuwa seneta wa taifa, na mwaka uliofuata akaingia Washington. Ulikuwa wakati wa neema. Soko la hisa lilikuwa likipanda, na viongozi walihubiri kwamba umaskini unakaribia kuwa historia. Lakini Wagner alisikia kutoka mjini kwake kwamba milolongo ya watafuta kazi inarefuka. Alipouliza nchini kuna watu wangapi wasio na kazi, hakuna aliyejua. Serikali iliyokuwa ikihesabu ng'ombe na magunia ya ngano haikuwa na hesabu ya watu wake waliokosa kazi.

Mwaka 1928 aliliomba baraza la seneti liitake wizara ya kazi itoe idadi. Jibu likaja: ni pungufu kidogo ya milioni 2. Alipolichunguza akaona kasoro yake. Wizara ilikuwa imekadiria tu ni kwa kiasi gani idadi ya walioajiriwa imepungua tangu 1925. Waliokuwa hawana kazi hata mwaka huo wa 1925 hawakuhesabiwa. Wala hawakuhesabiwa vijana walioingia sokoni baadaye wasiajiriwe.

Hapo ndipo alipopeleka miswada mitatu kwa pamoja. Wa kwanza ulitaka serikali ikusanye takwimu sahihi za ajira kila mwezi. Wa pili ulitaka kazi za umma, kama barabara na majengo, zipangwe mapema ili zianzishwe pale kazi za watu binafsi zinapopungua. Wa tatu ulitaka ofisi za serikali za kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri bila malipo, maana mawakala binafsi walikuwa wakiwatoza watu pesa na mara nyingine kuwapeleka mahali pasipo na kazi yoyote.

Wengi hawakumjali. Kisha Oktoba 1929 soko la hisa likaanguka. Viwanda vikafunga, benki zikafunga, na kufikia 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi, yaani watu karibu milioni 13. Mswada wa takwimu ulikuwa sheria mwaka 1930, na wa kazi za umma mwanzoni mwa 1931. Ule wa ofisi za ajira ulipita bungeni lakini Rais Hoover hakuutia saini, ukafa. Wagner alisubiri. Roosevelt alipoingia madarakani aliurudisha, na Juni 1933 ukawa sheria kwa jina lake na la mbunge Peyser. Mfumo huo wa ofisi za ajira unafanya kazi hadi leo.

Bima badala ya bakuli la supu

Tufike sasa kwenye jambo kubwa. Wakati wa mdororo ule, aliyepoteza kazi alikuwa na njia chache: akiba yake ikiwa benki haijafunga, ndugu zake ikiwa nao hawajaachishwa, au foleni ya supu ya wafadhili. Kwenye foleni ile alisimama fundi wa miaka 20 pembeni ya mhasibu, kila mmoja amevuta kofia usoni asitambuliwe.

Wagner hakuwadharau wafadhili. Alichopinga ni mfanyakazi kugeuzwa ombaomba kwa sababu ambazo hakuzisababisha. Kiwanda huweka fedha kwa ajili ya mashine itakayochakaa, na hulipia bima ya moto ingawa hakijui kama utatokea. Basi hatari ya kukosa kazi, ambayo inajulikana wazi kwamba huja na kuondoka, kwa nini aibebe mfanyakazi peke yake? Alitaka waajiri wachangie mfuko wakati kazi ipo, ili kazi ikikatika mfanyakazi alipwe sehemu ya mshahara wake kwa wiki kadhaa huku akitafuta nyingine. Sisi tunaosoma fiqhi tunaielewa tofauti hii haraka: sadaka ni hiari ya mtoaji, na haki ni mali ya anayeidai.

Uingereza ilikuwa na bima ya namna hii tangu 1911. Marekani palikuwa na kikwazo cha pekee. Kila jimbo lilikuwa na mamlaka yake, na kila moja liliogopa kuanza. Likiwatoza waajiri peke yake, viwanda vitahamia jimbo la jirani lisilotoza. Wisconsin ndilo jimbo pekee lililothubutu kupitisha sheria mapema, mwaka 1932. Taifa nalo likijaribu kuendesha bima yote lenyewe, mahakama ingeweza kusema limeingilia mambo ya majimbo.

Njia ya kutokea ilipatikana kwa ufundi wa kisheria uliotoka kwa watu kadhaa. Wagner aliupeleka bungeni Februari 1934 pamoja na David Lewis, mbunge kutoka Maryland aliyewahi kuwa mchimba makaa ya mawe. Serikali ya taifa itoze kodi ya mishahara kwa waajiri wa majimbo yote. Mwajiri aliyechangia mfuko wa bima wa jimbo lake apunguziwe sehemu kubwa ya kodi hiyo. Kwa viwango vilivyokuja kukubaliwa, mwajiri anayelipa mishahara ya dola 1,000 alidaiwa kodi ya dola 30. Akiwa amechangia mfuko wa jimbo, angeweza kupunguziwa hadi dola 27. Jimbo lisilo na mfuko halikuwasaidia waajiri wake kwa lolote, maana dola 30 zote zingekwenda Washington. Kwa hiyo hakuna jimbo lililolazimishwa, na hakuna lililokuwa na sababu ya kubaki nyuma.

Mswada ule wa 1934 haukupita. Rais Roosevelt alitaka kwanza uunganishwe na pensheni za wazee na misaada mingine, akaunda kamati chini ya Frances Perkins, yule yule aliyempitisha Wagner kwenye tundu la ukuta, ambaye sasa alikuwa waziri wa kazi. Januari 1935 Wagner aliuwasilisha upya katika seneti, na tarehe 14 Agosti 1935 ukatiwa saini. Ndiyo sheria ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Mwezi mmoja na siku chache kabla, tarehe 5 Julai, ilikuwa imesainiwa sheria nyingine inayojulikana kwa jina lake, iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri.

Shilingi haikuanguka upande wao moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa ikizifuta sheria za Roosevelt moja baada ya nyingine. Kampuni moja ya mashine huko Alabama ililipa kodi yake ya dola 46 na senti 14, kisha ikafungua kesi kudai irudishiwe. Juu ya dola hizo 46 ilining'inia bima ya mamilioni ya watu. Mei 1937 majaji watano dhidi ya wanne walisema sheria ni halali. Kufikia katikati ya mwaka huo majimbo yote yalikuwa na sheria zao. Malipo hayakuwa makubwa. Sehemu nyingi yalikuwa nusu ya mshahara, yasizidi dola 15 kwa wiki, tena kwa wiki chache tu. Lakini aliyekuwa anayachukua alikuwa anachukua chake.

Walioachwa nje

Ndugu msomaji, uadilifu unatutaka tuseme na upungufu. Sheria ile iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Katika majimbo ya kusini, hao ndio waliokuwa wengi wa wafanyakazi weusi, wanaume na wanawake. Wabunge wa kusini hawakuwa tayari kuona kibarua wa shambani akipata fedha ambazo bwana wake hawezi kumnyima. Wagner aliyajua hayo. Miaka hiyohiyo alipigania mswada wa kuzuia weusi kuuawa na makundi ya watu, mswada ambao seneta wa kusini waliuzuia. Hata hivyo sheria ya bima aliikubali ikiwa na tundu hilo. Ilichukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sheria ya taifa kuwafikia baadhi ya watu wale. Mtu aliyekuwa shambani Mississippi mwaka 1937 hakufaidika na subira ya mtu yeyote.

Upungufu wa pili unatugusa sisi zaidi. Bima ya namna hii humlipa aliyekuwa na kazi akaipoteza. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa hana alichochangiwa. Majirani zetu Tanzania wana fao la kukosa ajira katika sheria zao za hifadhi ya jamii tangu 2018, na lenyewe linamfuata mwanachama aliyechangia. Mwenye bahasha ya kaki bado yuko nje ya mlango.

Mwisho wake

Wagner aliendelea na seneti hadi afya ilipomshinda. Alisukuma sheria ya nyumba za watu wa kipato cha chini mwaka 1937, ikapita. Alisukuma bima ya afya kwa wote mara kadhaa, akashindwa kila mara. Mwaka 1949 alijiuzulu akiwa mgonjwa, na tarehe 4 Mei 1953 akafariki New York. Miezi michache baadaye mwanawe, aliyebeba jina lake, alichaguliwa kuwa meya wa mji huohuo ambao babu yake alikuwa akifagia ngazi za nyumba ya wapangaji.

Janga la korona lilipoingia Marekani mwaka 2020, katika wiki moja tu ya mwisho wa Machi zaidi ya watu milioni 6 waliomba malipo ya kukosa kazi. Wengi wao pengine hawakuwahi kulisikia jina la Wagner.

Tuondoke na nini? Mimi nimeondoka na lile jambo lake la mwanzo kabisa, la kuhesabu. Kabla ya bima na kabla ya mahakama, aliuliza ni wangapi, akakataa jibu la kubahatisha. Jumuiya yetu ina orodha ya waliochangia mahafali, ina orodha ya waliolipa ada ya uanachama, lakini haina orodha ya wahitimu wetu wanaotafuta kazi, wamesomea nini na wako wapi. Orodha hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji daftari na katibu mwenye subira. Tukiwa nayo, Muislamu mwenye duka, shule au kampuni akituuliza kama tuna kijana anayefaa, tutakuwa na jibu. Na tukienda kwa wakubwa kudai jambo, tutakwenda na idadi mkononi badala ya malalamiko.

Lingine ni jepesi zaidi na linaweza kuanza leo. Kaka yetu akirudi chuoni na bahasha yake, tumpe kiti, tumpe chai, na tusimuulize amekosea wapi.

Wabillahi tawfiq.